Kivoi wa Kitui na somo la kujiamini kazini

Yako maradhi yasiyotibiwa hospitalini ambayo yanawatafuna vijana wetu wengi. Kijana atoka Mutomo au Mwingi, Wote au Kibwezi. Amesoma, amehitimu na amepata kazi mjini. Lakini aingiapo katika mkutano wa wakubwa wake, huketi kiti cha nyuma na kufumba kinywa. Jawabu analo, ila hulimeza. Mwenzake alitoapo jawabu lilo hilo, tena likiwa pungufu, husifiwa na kupandishwa cheo. Kijana wetu hurejea chumbani kwake akijilaumu na kujiuliza kama kweli anastahili kazi aliyopewa.

Aghalabu watu wa namna hii huelekezwa kwenye vitabu vya ng'ambo vilivyojaa habari za matajiri wa Marekani. Si vibaya. Hata hivyo, leo nawaomba wasomaji tumrejelee mtu wa kwetu, aliyeishi na kufa zaidi ya miaka 170 iliyopita, naye ni Kivoi Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba Wakamba wa zama hizo hawakuwa na mfalme wala kiti cha kurithi. Mtu hakuheshimiwa kwa kuwa babake alikuwa mtawala. Aliheshimiwa kwa mali aliyoichuma, kwa ufasaha wa ulimi wake, kwa haiba yake, na kwa sifa ya kuwa na uwezo wa mambo yaliyofichika kama vile kuleta mvua. Kwa hiyo ukubwa wa Kivoi haukutoka katika hati yoyote ya uteuzi. Aliujenga mwenyewe, safari baada ya safari.

Nchi yenyewe ilikuwa mwalimu mkali. Mvua za Ukambani hazina ahadi, na njaa ilipobisha hodi, watu walilazimika kwenda mbali kutafuta chakula kwa jirani. Kutokana na safari hizo za dhiki ilikua biashara kubwa. Kufikia miaka ya 1840 misafara ya Wakamba, yenye mamia ya watu, ilikuwa ikibeba pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga na bidhaa nyingine za pwani. Waliopita nyika ya Taru na kuvuka mito ya Tsavo na Athi walihitaji kujua maji yako wapi, jirani gani ana amani na yupi ana kisasi, na lugha gani itumiwe wapi. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa vichwani mwa watu kama Kivoi, ambao waliipata kwa nyayo zao.

Alikuwa amefika hadi Uchaga na kuuona mlima wenye weupe kileleni. Alijua pia kwamba kaskazini mwa nchi yake uko mlima mwingine wa namna hiyo, ambao kwa Kikamba uliitwa Kiinyaa. Hilo kwake halikuwa jambo la ajabu. Lilikuwa sehemu ya ujuzi wa kazi yake, kama baharia ajuavyo miamba.

Hapo ndipo anapoingia Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kanisa la Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwenzake Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakaweka makao Rabai. Kivoi alikutana na mgeni huyu katika safari zake za pwani. Mnamo Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai, akapita Kikumbulyu, ambayo leo imo katika kaunti ya Makueni, akapanda Yatta, hatimaye akafika nyumbani kwa Kivoi huko Kitui.

Ulikuwa msimu wa mvua, na mbingu zilifunikwa na mawingu. Kivoi alimweleza mgeni habari za mlima, akamfahamisha kwamba huonekana kutoka kwenye kiinuko kilicho karibu na kijiji chake, ila si wakati wa mvua. Fikirini hali hiyo. Mgeni ni msomi, ana karatasi na kalamu, ametoka katika nchi yenye vyuo vikuu. Mwenyeji hajui kuandika hata jina lake, na kitu anachokieleza hakionekani. Hata hivyo, Kivoi hakurudi nyuma kwa kuwa mgeni ana shahada. Alichokijua alikisema, na sababu ya kutoonekana kwake akaitaja pia. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, na Krapf akauona mlima Kenya kwa macho yake.

Mashaka hayakuishia hapo. Habari hizo zilipofika London, mwanajiografia mmoja mwenye jina, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amezuru bara hilo, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Mwaka 1852 alitoa kitabu kilichozikana habari za Krapf na Rebmann. Ilipita takriban miaka 10 kabla ya safari za Baron von der Decken kuthibitisha theluji ya Kilimanjaro, na Joseph Thomson aliuona mlima Kenya mwaka 1883. Mwaka 1899 Halford Mackinder alifika kileleni, mita 5,199 juu ya bahari. Alichokijua mfanyabiashara wa Kitui kilikuwa kweli siku zote hizo, wakubali wakubwa wa London au wakatae.

Kivoi mwenyewe hakuishi hata kusikia ubishi huo. Mnamo Agosti 1851 alifuatana na Krapf kuelekea mto Tana, na njiani wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake. Krapf alipotea nyikani peke yake, akawa anatia maji ndani ya mitutu ya bunduki yake ili asife kwa kiu. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, naye akatoroka usiku na kurejea pwani.

Sisemi haya ili kumfanya Kivoi malaika. Biashara ya pembe ya zama zile ilishikamana na utumwa, na nyumbani kwake walikuwako watumwa. Wala ujasiri wake haukumkinga na mkuki. Mwenye kujiamini hukosea, hushindwa, na pengine huangamia kama watu wengine. Anayewaahidi vijana kwamba kujiamini ni hirizi ya mafanikio anawadanganya.

Lakini somo limebaki pale pale. Kujiamini kwa Kivoi hakukuwa kujipiga kifua. Kulitokana na kazi aliyoifanya mara nyingi hata akaijua mishipa yake. Kijana anayejishuku aanzie hapo. Asijilazimishe kupaza sauti mkutanoni ilhali hajasoma jalada lililo mezani. Aijue kazi yake hadi pembe zake za giza, aulize waliomtangulia, akosee na kusahihisha. Kisha akiulizwa, aseme anachokijua kwa lugha iliyo wazi, na asichokijua akiri. Kivoi alitaja mlima na akataja mawingu. Hakuficha chochote kati ya viwili hivyo.

Nasi wakubwa wa kazi tuna deni letu. Tumezoea kupima maneno kwa lafudhi na suti ya msemaji. Mtumishi wa kawaida anayezunguka vijiji vya Mbooni au Ikutha kila siku huenda akajua sababu ya mradi kukwama kuliko mtaalamu aliyekuja kwa ndege, ila hakuna amwulizaye. Tusipomsikiliza tunarudia kosa la Cooley, tena bila udhuru wake wa umbali.

Mawingu yangali yanaufunika mlima Kenya kila msimu wa mvua, na mtu wa Kitui akitazama kaskazini huenda asione kitu. Kivoi hakuona haja ya kuubishania mlima huo. Alisema uko wapi, akamwacha mgeni asubiri anga litakate.