Pirquet na Maana ya Mzio

Hakuna mwalimu wa Kitui au Makueni asiyemjua mwanafunzi akohoaye darasa linapofagiwa. Mzazi mwenye uwezo humpeleka mwanawe kupimwa damu, na karatasi ikionyesha kingamwili za utitiri wa vumbi, hukata kauli kwamba ugonjwa umepatikana. Naona kauli hiyo ni ya haraka, na maisha ya Clemens von Pirquet yanatufunza sababu.

Pirquet alizaliwa karibu na Vienna, Austria, mwaka wa 1874. Alisomea theolojia na falsafa kabla ya kugeukia utabibu, akahitimu mjini Graz mwaka wa 1900. Huko Vienna, yeye na Béla Schick waliwachunguza watoto waliodungwa dawa ya dondakoo iliyotokana na damu ya farasi. Baadhi yao walipatwa na homa na vipele baada ya siku kadhaa. Waliodungwa tena waliugua upesi zaidi. Pirquet aling'amua kwamba kinga imlindayo mtu yaweza pia kumdhuru. Mwaka wa 1906 aliunga maneno mawili ya Kigiriki kuutaja mwili uliobadilika namna ya kuitikia. Sisi twasema mzio, neno la jadi la chakula kimdhuricho mtu au alichokatazwa. Kwa jicho la isimu, neno letu hukitazama kitu. Lake huutazama mwili.

Mwaka wa 1907 alibuni kipimo cha ngozi cha kifua kikuu. Watoto wengi wasiougua waliitikia kipimo hicho. Alama ile ilithibitisha kwamba mwili umewahi kukutana na vijidudu, wala si kwamba mtoto ni mgonjwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alisimamia ulishaji wa watoto wa Austria waliokumbwa na njaa. Alifariki mwaka wa 1929.

Kingamwili za IgE, zipimwazo leo, ziligunduliwa katika miaka ya 1960, lakini funzo lake lingalipo. Kingamwili ni ushahidi wa mwitikio, si hukumu ya ugonjwa. Minyoo ya tumbo nayo huzidisha IgE. Aidha, utitiri hustawi katika magodoro na mito penye unyevu, ilhali vumbi kavu la udongo laweza kumkohoza mtoto asiye na mzio wowote.

Kwa hiyo, mwalimu na mzazi hawana budi kumweleza daktari mtoto hukohoa wapi, lini na akifanya nini. Karatasi ya maabara isomwe pamoja na maisha ya mtoto mwenyewe.