Linus Yale: Mchoraji wa sura aliyetupa ufunguo mdogo wa mfukoni

JINA la Yale limeandikwa juu ya makufuli na vitasa katika miji mingi duniani, lakini ni wachache kati ya wanaolisoma mlangoni wanaojua kuwa lilikuwa jina la baba na mwana, wote wawili wakiitwa Linus, na wote wawili mafundi wa vitasa.

Mwana ndiye aliyelivumisha jina hilo. Alizaliwa Aprili 4, 1821, huko Salisbury, katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alifungua karakana ya vitasa katika kijiji cha Newport, jimbo hilo hilo, na wateja wake wakubwa walikuwa wenye benki. Kijana hakuvutiwa na vyuma. Alijifunza kuchora sura za watu, na ilipofika mwaka 1850 hivi ndipo alipoigeukia kazi ya baba.

Aliingia katika fani hiyo wakati wa fedheha. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua bila ufunguo vitasa viwili ambavyo Waingereza waliamini havifunguliki. Kile cha Chubb kilimchukua dakika 25, na kile cha Bramah saa zipatazo 51, alizozigawa katika siku 16. Hobbs naye alikuwa akikinadi kitasa cha kampuni iliyomtuma. Miaka michache baadaye Yale alikifungua hicho pia, tena kwa ufunguo wa mti.

Kwa makasha ya benki, Yale alihamia kwenye vitasa vya namba, visivyo na tundu la mwizi kuchokonoa. Kwa milango ya kawaida alirejea kwenye wazo la kale, ambalo baba yake alikuwa amekwisha kulifufua. Wamisri wa zamani walifunga milango kwa komeo la mti lililozuiwa na vijiti, na ufunguo wenye meno ukiviinua vijiti hivyo, komeo liliteleza. Yale aliviweka vijiti hivyo, sasa vikiwa pini za chuma zinazosukumwa na springi, ndani ya silinda ndogo. Kila pini imekatwa vipande viwili. Meno ya ufunguo halali huziinua zote hadi mikato yake ilingane na ukingo wa silinda, nayo huzunguka. Pini moja ikikosea, hakuna kinachosogea. Hataza zake za mwaka 1861 na 1865 ndizo zilizokamilisha kazi hiyo.

Faida kubwa ilikuwa udogo. Funguo za zamani zilikuwa ndefu na nzito, kwa sababu zilipaswa kupenya unene wote wa mlango. Silinda ilipowekwa usoni mwa mlango, kibati chembamba kilitosha.

Oktoba 1868 Yale aliungana na kijana Henry Towne, wakaanzisha kiwanda huko Stamford, Connecticut. Ushirika huo haukutimiza miezi mitatu. Desemba 25 mwaka huo huo, akiwa New York kwa shughuli za biashara, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 47. Towne ndiye aliyekikuza kiwanda.

Ufunguo wa kwanza wa Yale ulikuwa bapa kabisa, na mwanya ulionyooka humruhusu mwizi kupitisha waya. Hivyo baada ya kifo chake mwanya ulipindwapindwa, na ubavu wa ufunguo ukachorwa mifereji inayoufuata. Kila kiwanda kikabuni umbo lake, na hapo ndipo ilipozaliwa adha inayowakuta wengi mijini hadi leo. Mashine ya mchonga funguo hunakili meno kwa dakika chache, lakini haichongi mifereji. Ni lazima fundi awe na ufunguo usiochongwa wenye mifereji ile ile. Kama kiwanda kilikufa zamani, au umbo lenyewe bado linalindwa na hataza, mteja hurudishwa nyumbani.

Mafundi wengine huchukua ufunguo wenye umbo la karibu na kuupunguza ubavu kwa tupa. Hufaa kwa muda, ila ufunguo uliokonda hukatikia ndani, na gharama huongezeka. Aliye mvumilivu huagiza kwa msambazaji, na ni vema apeleke ufunguo wa awali wenye namba za kiwanda, si nakala ya nakala.

Njia nyingine imo katika ubunifu wa Yale mwenyewe, kwani silinda haijaungana na kitasa. Katika vitasa vingi vya sasa hushikwa na skrubu moja iliyo ukingoni mwa mlango. Fundi huifungua, akaitoa silinda ya zamani na kuingiza mpya ya kipimo kile kile pamoja na funguo zake, na kitasa kikabaki mahali pake.