Jimi Hendrix: Mpigagitaa aliyebadili mlio kwa mguu

MPIGAGITAA mashuhuri Jimi Hendrix alizaliwa Novemba 27, 1942 jijini Seattle, Marekani, na kulelewa katika umaskini. Kwa kuwa alipiga kwa mkono wa kushoto, alizoea kuligeuza gitaa lililoundiwa watu wa mkono wa kulia.

Alipoachana na jeshi mwaka wa 1962, aliwapigia wanamuziki wengine, akiwemo Little Richard. Septemba 1966 alivuka bahari hadi London kutafuta jina lake mwenyewe.

Huko aliinunua Fuzz Face, pedali inayokanyagwa kwa mguu na kuukwaruza mlio wa gitaa kabla haujafika kwenye amplifaya. Mwaka wa 1967 fundi Roger Mayer alimpa Octavia, iliyouongezea mlio oktavu ya juu; ndiyo inayosikika katika Purple Haze. Mwaka uo huo aliongeza wah-wah, na kufikia tamasha la Woodstock, Agosti 1969, alikuwa na Uni-Vibe, yenye kuuzungusha mlio kama upepo.

Vifaa hivyo vilikuwa na ukaidi wao. Transista za gerimani za Fuzz Face zilibadilika tabia kulingana na joto. Baadaye akatumia za silikoni, zilizokuwa imara zaidi japo zenye mlio mkali.

Hendrix alifariki jijini London Septemba 18, 1970, akiwa na umri wa miaka 27. Safari yake na pedali hizo ilidumu takriban miaka minne pekee, lakini wapigagitaa wangali wanaifuata njia aliyoikanyaga.