Dakta Jenner, tabibu wa shamba aliyeivunja nguvu ndui

Wageni wengi waendao Uingereza hukomea London. Mimi humshauri kila aniulizaye ashike njia ya magharibi hadi jimbo la Gloucestershire, nchi ya malisho, ng'ombe na jibini, akazuru mji mdogo wa Berkeley ulio karibu na mto Severn. Hapo pana ngome kongwe ambamo Mfalme Edward wa Pili alifungwa, na inasemekana ndimo alimouawa mwaka 1327. Watalii huijia ngome hiyo. Lakini hatua chache kutoka hapo, karibu na kanisa, pana nyumba iitwayo The Chantry, iliyofanywa makumbusho mwaka 1985, na kwa rai yangu hiyo ndiyo yenye jambo la kumfaa mwanadamu.

Mwenye nyumba hiyo alikuwa Dakta Edward Jenner. Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie maisha yake, kwa kuwa wengi katika wazee wetu wa pwani wana kovu dogo la duara mkononi, na asili ya kovu hilo ni mji huo wa Berkeley.

Vijana wa sasa hawaijui ndui ila kwa jina, na Alhamdulillahi kwa hilo. Ilianza kwa homa kali, kisha mwili mzima ukajaa vipele vya usaha. Katika kila watu kumi walioambukizwa, aghalabu watatu walikufa. Aliyepona alibaki na uso uliotoboka matundu, na wengine walibaki vipofu. Tabibu mkubwa Abu Bakr al-Razi, karne kumi na zaidi zilizopita, aliandika kitabu kizima kuieleza ndui na surua na namna ya kuzitofautisha. Lakini kuijua maradhi si kuyazuia, na ndui iliendelea kuua wafalme na watumwa sawasawa.

Jenner alizaliwa Berkeley tarehe 17 Mei 1749, mtoto wa padri wa mji huo. Alipokuwa na umri wa miaka mitano wazazi wake wote wawili walifariki, akalelewa na nduguze wakubwa. Alipofika miaka minane akapelekwa kuchanjwa.

Hapa yafaa nieleze, kwani msomaji atauliza, alichanjwaje na chanjo ilikuwa haijavumbuliwa? Kabla ya Jenner palikuwa na chanjo ya namna nyingine. Mtu mzima wa afya alichanjwa ngozi, akatiwa usaha wa mgonjwa wa ndui yenyewe, ili augue kidogo kisha asiugue tena. Ada hii ilijulikana katika nchi za mashariki zamani sana. Waingereza waliipokea kutoka Istanbul, ambako akina mama wazee walikuwa wakiwachanja watoto majumbani. Mke wa balozi wa Uingereza, Lady Mary Wortley Montagu, aliwaona wakifanya hivyo, akamchanjisha mwanawe huko mwaka 1718, na mwaka 1721 akamchanjisha binti yake London. Basi mlango wa kinga ya ndui Uingereza ulifunguliwa na ilimu ya wanawake wa Istanbul ambao majina yao hatunayo.

Lakini ada ile ilikuwa na hatari zake. Mmoja au wawili katika kila mia walikufa, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza wengine. Tena matabibu wa Uingereza waliitia mambo yao. Jenner mdogo alishindishwa njaa, akatolewa damu, kisha akafungiwa bandani pamoja na watoto wenzake mpaka ugonjwa upite. Alipona, lakini mateso yale hakuyasahau maisha yake yote.

Alipokuwa kijana mdogo alitiwa kwa tabibu mmoja wa shamba ajifunze kazi. Mwaka 1770 alikwenda London kusoma kwa John Hunter, bingwa wa upasuaji, aliyemfundisha asitosheke na kudhani bali ajaribu. Baadaye angeweza kubaki London apate mali na jina. Yeye alirudi Berkeley, akawa anazunguka kwa farasi kutibu wakulima. Alikuwa mtu wa mambo mengi: akipiga fidla na filimbi, akitunga mashairi, na mwaka 1784 alirusha puto la hewa kutoka ngomeni. Alichunguza tabia za ndege aina ya kekeo, anayetaga katika viota vya wenziwe, na kwa uchunguzi huo akaingizwa katika chama kikuu cha wanasayansi cha Uingereza, Royal Society.

Watu wa mashamba yale walikuwa na neno lao. Walisema kuwa msichana mkama maziwa akishapata ndui ya ng'ombe, vidonda vidogo vya mikononi visivyoua, basi ndui kubwa haimpati tena. Matabibu waliosoma waliliona ni porojo la washamba. Mkulima mmoja wa jimbo la Dorset, Benjamin Jesty, alikwisha kulitumia: mwaka 1774 aliwachanja mkewe na wanawe wawili kwa usaha wa ng'ombe, na majirani wakamtukana. Basi Jenner hakuwa wa kwanza kujua. Alilolifanya ni kuwasikiliza watu wa chini, kisha akalipima neno lao hadharani mpaka mabingwa wakakosa la kujibu.

Tarehe 14 Mei 1796 alichukua usaha katika mkono wa Sarah Nelmes, mkama maziwa aliyeambukizwa na ng'ombe aitwaye Blossom. Akamchanja nao James Phipps, mtoto wa miaka minane, ambaye baba yake alikuwa kibarua akimlimia bustani. Mtoto akaumwa kidogo, akapona. Tarehe 1 Julai Jenner akamchanja tena, mara hii kwa usaha wa ndui yenyewe. Wakangoja. Ndui haikutokea.

Hapa, ndugu msomaji, nakiri kuwa moyo wangu husita. Ni kweli kuwa wakati ule kumtia mtoto usaha wa ndui ilikuwa ada ya kila siku. Lakini Phipps alikuwa mtoto wa kibarua. Je, baba yake angeweza kumwambia bwana wake hapana? Sioni kama yafaa tulifunike jambo hilo kwa sababu matokeo yalikuwa mema. La kumtetea Jenner ni kuwa mwaka 1798 alimchanja pia mwanawe mwenyewe, Robert, aliyekuwa hajatimiza mwaka. Na Phipps alipokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, Jenner alimpa nyumba akae bila kodi. Nyumba hiyo ndogo ndiyo iliyotangulia kuwa makumbusho ya Jenner kabla ya The Chantry.

Royal Society haikukubali kuichapisha habari yake. Mwaka 1798 akaitoa mwenyewe kitabu chenye visa 23. Wakazuka wenye kumdhihaki, na mwaka 1802 mchoraji mmoja wa London akachora watu waliochanjwa wakichipuka ng'ombe mwilini. Lakini chanjo ilienea Ulaya, Amerika na Asia katika muda wa miaka michache tu.

Jenner hakuifanya siri ya kuuza. Katika bustani yake pana kibanda cha magogo na makuti ya nyasi, ambamo aliwachanja mafukara bure. Kazi ya kuwaandikia barua walimwengu ikamla wakati na mali, hata Bunge likampa pauni 10,000 mwaka 1802 na pauni 20,000 mwaka 1807. Misiba haikumwacha: mwaka 1810 alifiwa na mwanawe mkubwa, na mwaka 1815 mkewe Catherine akafariki kwa kifua kikuu. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 26 Januari 1823, akazikwa katika kanisa la Berkeley, na James Phipps alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazishi. Mwaka 1858 sanamu yake iliwekwa Trafalgar Square, London, katikati ya majemadari. Hazikupita ila takriban miaka minne, ikaondolewa na kupelekwa Kensington Gardens. Walioua kwa wingi wakabaki uwanjani, na aliyeponya akapelekwa bustanini.

Hadithi haikuishia kaburini. Mtu wa mwisho ulimwenguni kupata ndui kwa njia ya kawaida alipatikana katika pwani hii yetu ya Bahari ya Hindi, huko Merka, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, aliyeambukizwa alipokuwa akionyesha njia gari lililochukua watoto wagonjwa. Chanjo alikuwa ameikwepa kwa kuogopa maumivu. Alipona, na miaka mingi baadaye akajitolea kuwahimiza wazazi wa Kisomali wawachanje watoto wao polio. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Mwaka 1978 ndui ilitoroka maabara moja ya Birmingham ikaua mtu mmoja, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa imetoweka.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Akina mama wa Istanbul, mkulima wa Dorset, mkama maziwa, mtoto wa kibarua na tabibu wa shamba, wote wana sehemu yao. Babu au nyanya mwenye kovu la ndui mkononi na amwonyeshe mjukuu wake, amweleze lilikotoka, maana baada ya rika lao kovu hilo halitaonekana tena.