APOLO KIVEBULAYA: ASKARI ALIYEKUWA KASISI WA MSITUNI

Wako watu wengi wanaopita Fort Portal kila siku, wakautazama mlima Ruwenzori, wasijue kwamba nyuma yake, ng'ambo ya mto Semliki, limelala kaburi la mtu ambaye zamani alibeba silaha kama wasomaji wetu wabebavyo leo. Huyo ni Kanoni Apolo Kivebulaya. Twapenda kuisimulia habari yake kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi, kwa kuwa alikuwa askari kwanza, akawa mfungwa baadaye, na mambo hayo mawili yaliyafinyanga maisha yake yote ya ukasisi.

Alizaliwa Singo, katika nchi ya Buganda, karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akapewa jina la Waswa. Katika ujana wake alivuta bangi, wala hakuwaficha watu jambo hilo alipokuwa mzee mwenye heshima. Alipata kuyasikia mafundisho ya Mskochi Alexander Mackay, mmisionari aliyekuwa fundi wa kila kazi ya mkono, lakini mafundisho hayo hayakumbadili mara moja. Mbegu nyingine hukaa ardhini muda mrefu.

Siku zile hazikuwa siku za utulivu. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga alipinduliwa, na tangu hapo dini ikawa sababu ya watu kuuana. Waislamu waliwafukuza Wakristo kutoka mji mkuu. Wakristo wakarudi mwaka 1889 na kumrudisha Mwanga katika kiti chake. Kisha Wakristo wenyewe wakagawanyika, upande mmoja ukaitwa Wafransa na wa pili Waingleza, wakapigana vita vya Mengo tarehe 24 Januari 1892, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard ikaamua. Mashamba ya migomba yalichomwa, na vyeo vya nchi vikagawanywa kwa kufuata dini ya mtu. Kijana yule aliyakulia mambo hayo. Aliona kwa macho yake jinsi watu wanavyoweza kulitaja jina la Mungu huku mikono yao imeshika mikuki.

Mwaka 1891 alikuwa miongoni mwa Waganda waliofuatana na Lugard katika safari ya Toro. Katika safari hiyo Kasagama alirudishwa katika ufalme wa baba zake, na Lugard akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamesalia kando ya Ziwa Albert tangu siku za Emin Pasha, akawaweka katika ngome alizozijenga huko. Yatupasa kusema ukweli, hata kama ni mchungu kwa mtu avaaye sare: askari wale, wakiwa mbali na wakubwa wao, walijipatia chakula kwa kuwanyang'anya raia, na jina lao likawa la kuogopwa vijijini.

Alibatizwa Januari 1895, akachukua jina la Apolo. Jina lake la pili alipewa na watu kwa utani. Alikuwa na koti jekundu la kijeshi la Kizungu, naye alilipenda akalivaa pamoja na kanzu, basi wakamwita Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya. Utani ukawa jina, na jina hilo ndilo lililobaki.

Mwaka huohuo alitumwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Mwaka 1896 aliitikia wito wa kwenda Mboga, mbali zaidi upande wa magharibi. Waalimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia huko wakarudi, maana Chifu Tabaro aliwanyima chakula. Kwenda Mboga kulikuwa ni kuteremka katika bonde la Semliki lenye joto na wanyama wakali, kuvuka mto, kisha kupanda genge la upande wa pili kwa miguu. Apolo alikwenda. Alipofika hakungoja kulishwa. Alishika jembe akalima bustani yake mwenyewe. Njaa iliyowashinda wenzake haikuwa tena silaha mkononi mwa chifu.

Tabaro alikuwa na sababu zake. Mwalimu mgeni aliyekataza ulevi, mizimu na wake wengi, tena akitoka nchi iliyokuja juzi na bunduki, asingeweza kuonekana rafiki. Twadhani hata kiongozi mwema angalimtilia shaka. Lakini chuki ya Tabaro ilipita mpaka wa shaka. Apolo alipigwa na kuteswa, na wafuasi wake wachache wakasumbuliwa.

Kisha likatokea jambo la mwaka 1898. Mwanamke mmoja wa nyumba ya chifu alianguka juu ya mkuki, akafa. Ilikuwa ajali. Tabaro, hata hivyo, aliona nafasi imepatikana, akamshtaki Apolo kwa mauaji. Mwalimu alifungwa, akapelekwa Toro, safari ileile ya bonde na mto, hadi ngome ya Fort Gerry, ambayo baadaye iliitwa Fort Portal. Mkuu wa serikali huko alikuwa Kapteni Sitwell. Apolo akatiwa minyororo.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo, hasa yule ambaye kazi yake ni kushika funguo za mahabusu. Mtu aliletwa na chifu, chifu alikuwa mkubwa, na mashtaka yalikuwa ya damu. Mlinzi wa lango hakuwa na namna ya kujua kwamba mfungwa huyu hana kosa. Kwa macho yake alikuwa muuaji kama muuaji mwingine yeyote. Na mfungwa alijua kwamba huenda akanyongwa, tena katika ngome ya jeshi lilelile alilofuatana nalo miaka saba nyuma akiwa mtu huru.

Katika siku hizo za taabu, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwona Kristo usiku akiwa na nuru kama ya jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Asiyeamini maono anaweza kuliacha neno hili lipite. Lakini hawezi kuyakana yaliyofuata, maana yalionekana na watu wengi. Mashtaka yalipochunguzwa, Apolo hakuonekana na hatia, akafunguliwa. Hakudai fidia wala hakuomba askari wa kumsindikiza akalipize kisasi, ingawa alikuwa na rafiki wa kutosha katika Toro na Buganda. Alivuka tena Semliki, akarudi Mboga kwa mtu aliyetaka anyongwe.

Tabaro alishangaa. Alikuwa amezoea watu wanaokimbia na watu wanaopigana; huyu hakuwa wa aina ile wala hii. Haikuchukua muda mrefu chifu mwenyewe akaomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo. Hakuna ngome iliyojengwa Mboga kumlazimisha, wala hapakupigwa risasi hata moja. Tukiyalinganisha mambo haya na yale ya Mengo mwaka 1892, twaona ni dini ileile, lakini njia zake mbili hazifanani hata kidogo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi alitumikia Toro, hata Mboga ilipowekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji kwa mipaka mipya. Mwaka 1915 akaomba kurudi huko, akakaa mpaka mwisho. Hakuoa. Msichana aliyemposa alifariki kabla ya arusi, naye hakutafuta mwingine. Mshahara wake mdogo ulikwisha katika mikono ya watu wenye shida, na nyumba yake ilijaa watoto wa wengine.

Tangu miaka ya 1920 aliingia msitu wa Ituri kuwatafuta Wambuti, ambao wengi wetu huwaita mbilikimo. Majirani zao waliwatumia kupata nyama na pembe, wakawadharau, wengine wakisema kwamba si watu kamili. Apolo aliketi nao katika vibanda vyao vya majani, akala nao, akawafundisha kama alivyomfundisha chifu. Kwa wakulima wa Mboga jambo hili lilikuwa gumu kulimeza kuliko mafundisho yote aliyopata kuwapa, maana kanisani mbilikimo na bwana wake wangeitwa ndugu.

Mwaka 1922 alipewa ukanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe. Heshima hiyo haikumtoa Mboga. Alipougua mwaka 1933 alitaka afe kwa watu wake, na tarehe 30 Mei mwaka huo akafariki. Alikuwa ameagiza jambo moja kuhusu maziko yake. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijakwisha. Wakamzika hivyo. Mwaka 1972 Mboga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo wakapata jimbo lao wenyewe, lililoanzia katika bustani ile aliyoilima mwalimu mwenye koti jekundu.