Tom Landry: Kocha aliyewapima wasiotazamwa

Tom Landry, aliyeifundisha timu ya Dallas Cowboys tangu mwaka 1960 hadi 1988, alizaliwa Septemba 1924 mjini Mission, jimbo la Texas. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alisafiri mara 30 na ndege za mabomu barani Ulaya. Baada ya vita alisomea uhandisi wa viwanda katika Chuo Kikuu cha Houston.

Fikra za mhandisi alizihamishia katika kandanda ya Kimarekani. Watazamaji huufuata mpira kwa macho. Landry alichunguza filamu za mechi, akiwapima hata wachezaji watano wa mstari wa mbele, ambao kazi yao ni kumkinga mrusha mpira na kuwafungulia njia wenzao. Aliwafundisha kuinuka kwa pamoja kabla ya mchezo kuanza, ili wapinzani wasione mpangilio ulio nyuma yao.

Mwaka 1969 alimkabidhi Rayfield Wright nafasi katika mstari huo, ingawa hakuwa ameizoea. Wright aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 2006.

Timu ambayo mwaka 1960 haikushinda mechi hata moja ilitwaa Super Bowl mwezi Januari 1972, na tena Januari 1978. Hata hivyo, mwaka 1989 mmiliki mpya, Jerry Jones, alimwachisha kazi Landry. Alifariki dunia mjini Dallas, Februari 2000, akiwa na umri wa miaka 75.