MAISHA YA HAMED BIN MUHAMMAD EL-MURJEBI (TIPPU TIP) NA SULHU YAKE YA KONGO

Kuzaliwa kwake na safari zake za kwanza

Hamed bin Muhammad bin Juma el-Murjebi, aliye mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammad bin Juma, alikuwa mfanya biashara ya pembe aliyekaa sana Tabora, akaoa katika nyumba ya mtemi wa Unyanyembe. Hamed alianza kusafiri bara angali kijana. Mali aliyosafiri nayo haikuwa yake bali ya kukopa, na baadaye tajiri wake mkubwa alikuwa Taria Topan, Mhindi wa Unguja. Khabari ya jina lake ina maneno mawili: wako wasemao ni mlio wa bunduki zake, na wako wasemao ni kwa sababu ya kupepesa macho.

Safari zake za mwanzo zilimpeleka nchi zilizo kusini ya ziwa la Tanganyika, nazo ni Ufipa, Urungu na Itahwa. Ufipa ni uwanda wa juu wenye baridi. Mtu akisimama Muze, katika bonde la Rukwa, huuona umeinuka upande wa magharibi mfano wa ukuta. Katika karne ile Ufipa ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zote za ukoo mmoja wa Watwachi, nazo zilikuwa zimepigana wenyewe kwa wenyewe. Basi msafiri aliyepatana na mfalme wa Nkansi hakuwa amepatana na wa Lyangalile, wala hongo aliyompa huyu haikumfungulia njia kwa yule. Hilo ndilo jambo lililokuja kumpata Hamed Kongo baada ya miaka ishirini, kwa ukubwa zaidi.

Amani ya Samu

Mwaka 1867 Hamed alipigana na Samu, mtemi wa Itahwa aliyeogopwa na majirani zake wote, akamshinda na kupata pembe nyingi. Vita vilikwisha upesi, lakini amani haikupatikana upesi. Dr. Livingstone alikuwa akipita nchi hiyo, na ilimbidi kungoja kiasi cha miezi mitatu katika kijiji cha Chitimba mpaka njia zitulie. Mwarabu mmoja, Khamis wadi Mtaa, akaoa binti wa Samu ili ndoa iwe kifungo cha masikilizano. Bwana arusi alipojitayarisha kusafiri, binti yule alishuku kuwa wanakwenda kumpiga baba yake, akatoroka. Kila mmoja alikwisha toa neno lake, wala hapana aliyemwamini mwenziwe.

Mamlaka yake Manyema

Baada ya hayo Hamed akaingia Utetera, akajinasibu kuwa ni jamaa wa mtemi wa nchi ile, na mtemi, aliyekuwa mzee, akampa utawala. Mwaka 1874 alifika Nyangwe, kisha akafanya makao yake Kasongo. Bunduki zake zikaongezeka, na watu wengi wakawa chini yake. Wala haifai kuficha kuwa pamoja na pembe ilikuwapo biashara ya watumwa, na kwamba vijiji vingi vya Manyema viliharibiwa na watu waliobeba bunduki kwa jina lake. Dhulma hiyo ndiyo iliyowapa Wazungu hoja ya kuingia kati.

Lakini hao walioitwa watu wa Tippu Tip hawakuwa jeshi moja. Alikuwapo jamaa yake Muhammad bin Said, aitwaye Bwana Nzige, na mwanawe Rashid. Alikuwapo Sefu, mtoto wa Hamed mwenyewe. Alikuwapo Mwinyi Muhara wa Nyangwe. Alikuwapo Muhammad bin Khalfan el-Barwani, aitwaye Rumaliza, mshirika wake wa Ujiji. Na alikuwapo Ngongo Lutete, aliyekuwa mtumwa kisha akawa jemadari mwenye askari wake. Kila mmoja alikuwa na pembe zake, deni lake na bunduki zake. Walimheshimu Hamed madhali heshima hiyo haikuwatia khasara.

Mkataba wa mwaka 1887

Katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 dola za Ulaya zilimkubalia Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kuwa Kongo ni nchi yake. Watu wake walikuwa wamekwisha jenga ngome karibu na maporomoko yaitwayo Stanley Falls. Mwezi wa Agosti 1886, Hamed akiwa hayupo, mtumwa wa kike alimkimbia bwana wake akaingia ngomeni, na Wazungu wakakataa kumtoa. Waarabu wakaipiga ngome, na wenyewe wakaichoma moto na kukimbia. Vita hivyo havikuamriwa na Hamed, lakini vilihesabiwa juu yake.

Hamed akaja Unguja kwa Sayyid Barghash akitumaini msaada. Akamkuta Sayyid amedhikishwa na Wadachi na Waingereza, wanaigawana nchi yake mbele ya macho yake, hata akamfahamisha kuwa hana nguvu tena ya kuishika bara. Basi tarehe 24 Februari 1887 Hamed akafanya mkataba na Stanley kwa niaba ya Leopold. Akakubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, kusimamisha bendera ya dola ya Kongo, kukaa na afisa wa Kizungu, na kuzuia watu wasikamate watumwa chini ya maporomoko. Wakapanda meli pamoja, wakazunguka kusini ya Afrika mpaka mdomo wa mto Kongo, na katika mwezi wa Juni mwaka ule Hamed akafika mahali pa uwali wake.

Kuvunjika kwa sulhu

Sulhu ile ilikuwa na aibu tatu tangu mwanzo.

Ya kwanza ni kuwa iliwekwa mkono na mtu mmoja, na bunduki zilikuwa mikononi mwa watu kumi. Wengi katika Waarabu wa Manyema waliona kuwa Hamed amewauza kwa mshahara. Alipowakataza kushambulia, walimjibu kwa adabu, kisha wakaenda walikotaka.

Ya pili ni kuwa Leopold hakutaka amani ya kudumu, bali alitaka muda wa kupata nguvu. Alipokwisha jijenga, watu wake walianza kuchukua pembe zilizokuwa za Waarabu. Mwaka 1891 msafara wa Van Kerckhoven ulikwenda upande wa Uele ukipiga misafara yao na kuwanyang'anya mali. Bendera waliyoambiwa ni ya kuwalinda ndiyo iliyokuja kuwapokonya.

Ya tatu ni kuwa wageni walikuwa wengi, na kila mmoja ana shauri lake. Wadachi walikuwa wamekwisha tamalaki pwani, Tabora na njia ya ziwani. Mkutano wa Brussels wa 1890 ukabana silaha zisiingie bara. Na Stanley naye alimshitaki Hamed mahakamani Unguja, kwa kudai hakutimiza ahadi ya kumpa wapagazi. Kwa sababu hiyo Hamed aliondoka Falls mwaka 1890, akamwachia Rashid uwali, akafika Unguja mwaka 1891. Hakurudi tena.

Aliyekuwa akizuia vita akawa mbali, na mwaka 1892 vikawaka. Mwezi wa Mei Hodister, Mbelgiji aliyekuja kununua pembe, aliuawa. Mwezi wa Septemba Ngongo Lutete aliwaacha Waarabu akaingia upande wa Wabelgiji. Sefu akataka arudishiwe Ngongo ndipo pawe na amani. Dhanis, jemadari wa Wabelgiji, akakataa. Sefu akautumainia wingi wa watu wake, akashindwa karibu na mto Lomami katika Novemba. Wabelgiji wawili waliokuwa Kasongo kwa amani, Lippens na De Bruyne, wakauawa, na hapo mlango wa maneno ukafungwa. Nyangwe ikatekwa Machi 1893, na Kasongo Aprili.

Ngongo, aliyewafungulia Wabelgiji njia, alipigwa risasi na hao hao katika Septemba 1893 kwa tuhuma ya khiyana. Sefu akafa vitani mwezi uliofuata. Rumaliza akashindwa Januari 1894, akakimbilia nchi ya Wadachi. Na huyu mshirika baadaye akamshitaki Hamed kwa mali ya shirika yao, akashinda.

Mwisho wake

Hamed akakaa Unguja akiona khabari hizi zikimjia moja baada ya moja. Akaandika maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakapigwa chapa kwa kazi ya Mdachi Brode mwanzoni mwa karne ya ishirini. Akafa Unguja Juni 1905.

Waislamu wanaijua sulhu ya Hudaibiya. Ilikuwa ya miaka kumi, lakini haikuvunjwa na Mtume wala haikuvunjwa kwanza kwa tangazo la Makureshi. Ilivunjwa na Banu Bakr, wenye kufungamana na Makureshi, walipowapiga Khuzaa, wenye kufungamana na Mtume, na baadhi ya Makureshi wakawasaidia kwa siri. Abu Sufyani alikwenda Madina kuitengeneza, akarudi mikono mitupu. Kwa hivyo mwenye kufanya sulhu huulizwa pia juu ya wale wanaotembea chini ya jina lake.

Hamed alikuwa hodari wa vita na mwenye akili katika biashara, lakini alitoa ahadi kwa niaba ya watu asioweza kuwafunga, akaitoa kwa mfalme asiyekusudia kuitimiza. Waliouona ubaya wa hayo kwanza si wakubwa. Ni wanawake, watoto na wapagazi wa Manyema, ambao bunduki za pande zote mbili zilipita juu yao, na hapana aliyewauliza shauri walipokuwa wakiandika mkataba. Mwenyezi Mungu awarehemu waliodhulumiwa, na awape wenye madaraka kuijua thamani ya neno kabla hawajalitoa.